Siku tatu Goma, na siku moja kwa Koko chini ya Nyiragongo



Tangu turudi mmetuuliza sokoni, kwenye maji, hata kanisani: mulienda Goma kufanya nini? Wengine wamesema kwamba tumekula pesa ya likelemba. Basi tunajibu kwa maandishi, ili kila kikundi kisome na wale wasiojua kusoma wasomewe.

Hatukula pesa ya mtu. Tulikuwa wamama kumi na mmoja. Tangu mwezi wa tatu 2019 kila mmoja wetu aliweka faranga 1,500 kila Jumamosi kwenye sanduku la pembeni, lenye kufuli yake na daftari yake. Mara tano sanduku lilifunguliwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na mara tano pesa zilirudi. Mwisho wa mwaka tulihesabu tukaona zinatosha kwenda, kulala na kurudi, kama tutakula kwa akili.

Na tulijiwekea sheria moja: hakuna kubeba mzigo wa kuuza. Mwanamke wa Mpofi akienda Goma anaenda na mafuta ya mawese, au anaenda na mgonjwa, au anakimbia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda ili aone tu. Tulitaka mara moja maishani tuende na mikono mitupu. (Wawili walivunja sheria hiyo. Bidoni zao mbili tulizigundua Nyabiondo, zimefungwa ndani ya vikwembe kama watoto. Hatutawataja, lakini wanajijua.)

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwenzetu mmoja, tumwite mwenzetu tu, ana mama yake mzazi Kibati, chini kabisa ya mlima Nyiragongo. Alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Alitaka kumtoa kule na kumleta Mpofi. Alituomba tumsindikize, kwa sababu mzee huyo ni mgumu, na mwenzetu alidhani kwamba akiona wamama kumi na mmoja mlangoni atashindwa kukataa. Alikuja pia na binti yake wa miaka kumi na minane. Kwa hiyo tuliondoka watu kumi na wawili. Mtakumbuka hesabu hiyo.

Tuliondoka Jumatano tarehe 15 Januari. Tulichagua Januari kwa sababu mvua inapumzika kidogo. Kidogo tu. Wenye pikipiki walitupakia wawili wawili, na kwenye milima ya kabla ya Masisi-Centre tulishuka tukatembea kwa miguu huku vijana wanasukuma. Kwenye vizuizi tulitoa kile kilichoombwa, tukanyamaza. Hamhitaji kuelezwa hayo.

Tulilala Masisi-Centre kwa watu wa ukoo, chumba kimoja, miguu ya huyu kichwani mwa yule. Alhamisi tukapata nafasi kwenye kamio, juu ya mifuko ya maharagwe. Kutoka Katale kwenda Matanda na Mushaki nchi inabadilika. Sisi tumezoea msitu, migomba na joto. Kule ni majani ya kijani mpaka juu ya vilima, ng'ombe wametawanyika kama mawe, na baridi inaingia kwenye mifupa. Ndiko fromaji ya Masisi inakotoka, ile mnayoiona Goma imepangwa kando ya barabara, duara na ya njano. Tulinunua moja tukaigawa. Nusu yetu waliipenda. Wengine walisema ni sabuni.

Baada ya Mushaki barabara inateremka kwa kona nyingi mpaka Sake, na hapo unaona ziwa Kivu kwa mara ya kwanza. Msichana wetu aliyeketi ukingoni mwa kamio alipiga kelele. Kutoka Sake mpaka Goma si kilomita 30, lakini ardhi inakuwa nyeusi. Si udongo mweusi kama wa bonde letu, ni mawe. Mawe yenye matundu kama mkate uliovimba, na juu ya mawe hayo watu wamejenga, wamefyeka, wamepanda. Mugunga tulipita tumenyamaza, maana watatu kati yetu waliwahi kuishi pale chini ya shitingi.

Kwenye kizuizi cha afya tulishuka wote, tukanawa mikono kwa maji ya klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso. Ilikuwa sababu ya Ebola, ambayo wakati ule ilikuwepo jimboni kwetu tangu mwezi wa nane 2018. Mmoja wetu alikuwa anatokwa na jasho la woga, tukaogopa atarudishwa. Alipita.

Tulifikia Ndosho, kwa mdogo wa mweka hazina wetu. Mkewe alitupokea vizuri sana, lakini usiku uleule alitueleza kwa upole: wageni, hapa maji ni ya kuhesabu. Hatukuelewa. Mtu anayetoka Mpofi hawezi kuelewa. Kwetu unatoka nyumbani na bidoni, unafika kwenye chemchemi, unajaza. Goma kuna ziwa kubwa mbele ya macho, na mvua inanyesha kama kwetu, lakini hakuna mto hata mmoja unaopita mjini. Mvua ikianguka juu ya mawe ya volkano inaingia kwenye matundu na kupotea. Basi wasichana wanashuka ziwani na bidoni za njano, au wanapanga mstari kwenye bomba na kulipa bidoni kwa bidoni. Asubuhi tuliona chukudu ya mbao imebeba bidoni kumi na zaidi, na kijana anaisukuma kwa goti. Kuanzia siku ile tulioga kwa kopo moja moja, na hakuna aliyelalamika.

Usiku, kabla ya kulala, mwenye nyumba alituita nje. Upande wa kaskazini anga lilikuwa jekundu. Si moto wa kuchoma shamba, ule unaruka na kuzimika. Huu ulikuwa umetulia, kama jiko lililofunikwa. Alituambia kwamba wakati ule ndani ya kilele cha Nyiragongo kulikuwa na ziwa la mawe yaliyoyeyuka, lililochemka mchana na usiku, na wekundu tuliouona ulikuwa mwanga wake juu ya moshi. Watoto wake hawakutoka hata kuangalia. Wamezaliwa nao.

Ijumaa ilikuwa tarehe 17 Januari. Kwa nchi nzima ni siku ya Lumumba, na ofisi zilikuwa zimefungwa tangu jana yake, siku ya Mzee Kabila. Lakini kwa watu wa Goma tarehe hiyo ina jina lingine. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka. Haukumwaga kutoka juu kama sufuria. Ulipasuka ubavuni, na nyufa zikashuka mpaka Munigi, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ilianza asubuhi. Alasiri moto ulikuwa umeingia mjini. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji, ukachoma kanisa kuu la Saint-Joseph, ukashuka mpaka ziwani. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakaingia Gisenyi, Rwanda, na baada ya siku chache wakarudi na kukuta mawe bado ya moto.

Mwenzetu alikuwa mmoja wao. Walikaa Murara. Alituomba twende naye, na tulienda wote, kwa miguu, kupitia Birere.

Birere, wamama, ni soko, ni mpaka, ni fujo. Pale unaweza kununua kila kitu cha dunia, kuanzia shanga mpaka mashine ya kusaga, na wamama wanavuka mpaka asubuhi na nyanya kichwani na kurudi jioni na unga. Mmoja wetu alipotea kwa nusu saa. Alipatikana anabishana bei ya kikwembe ambacho hakuwa na pesa ya kukinunua. Alisema alikuwa anafanya mazoezi tu.

Murara tulitafuta sana. Mwenzetu alisimama, akageuka, akarudi nyuma, akahesabu kwa vidole. Hakuna mti uliobaki wa kumwongoza. Mwishowe mzee mmoja muuza makala alimwuliza anatafuta nyumba ya nani, naye akataja jina la mama yake. Mzee akaelekeza kwa mkono chini, si mbele. "Unasimama juu yake," alisema. Ilikuwa njia, tena njia ya kawaida, na watoto walikuwa wanaruka kamba. Kando yake nyumba za mbao zilizojengwa juu ya lava, na kuta za mawe meusi yaliyopangwa. Siku hizi watu wa Goma wanajenga kwa mawe yaleyale yaliyoangusha nyumba zao.

Alituambia hapohapo, akiwa amesimama. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa bado ndani. Siku ile majirani walipopiga kelele, yeye alifunga mtoto mgongoni na kukimbilia Gisenyi pamoja na watu. Mama yake alisema anaenda kuchukua cherehani, atafuata. Moto ukawagawa, mmoja mashariki, mwingine magharibi. Walikaa siku kumi na tisa bila kujua kama mwingine yuko hai. Mtoto wa mgongoni ni huyu msichana tuliyekuja naye. Alikuwa anasikiliza kama sisi. Baadaye alituambia kwamba habari ya cherehani alikuwa hajawahi kuisikia.

Kabla ya kurudi tuliona mambo mengine mengi. Tuliona sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu, tukapigwa picha, na katika picha wote tumekunja uso kwa sababu ya jua. Tuliona kibao kinachoeleza hali ya mlima kwa rangi: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Wataalamu wa volkano ndio wanaosema rangi gani iko leo. Tuliwaza kwamba na sisi Mpofi tungehitaji kibao kama hicho, kwa ajili ya mambo mengine.

Sasa mlima.

Jumamosi asubuhi tulipanda taksi-bisi mbili kuelekea Kibati. Ni barabara ya Rutshuru, na safari si ndefu, hazifiki kilomita 20. Unapita uwanja wa ndege, unapita Munigi na Kanyaruchinya, na wakati wote mlima uko mbele ya kioo. Machukudu yalikuwa yanateremka kutoka upande wa Kibumba, yamejaa shu, viazi, karoti na makala, bila breki zaidi ya kisigino cha mwenye chukudu. Tulifumba macho mara kadhaa.

Nyiragongo una mita 3,470. Ukiutazama kutoka Goma ni kama sufuria iliyofunikwa na wingu. Ukiutazama kutoka Kibati ni ukuta. Mashariki yake kuna Mikeno na Karisimbi, mirefu kuliko wenyewe, lakini hiyo haimfanyi mtu asilale. Hapo Kibati ndipo kilipokuwa kituo cha walinzi wa hifadhi ya Virunga, na wageni walianzia hapo kupanda. Tulikuta kundi la wazungu na wabebaji wao wanafunga mifuko. Wakati ule walipanda mchana kutwa na kulala juu kwenye ukingo, ili usiku waangalie chini kwenye moto. Mweka hazina wetu, ambaye hawezi kupita bei bila kuiuliza, aliuliza. Wakati ule mgeni kutoka nje alitoa dola 300. Akapiga hesabu ya likelemba yetu akisimama, midomo inatembea, kisha akasema, "Tuendelee na safari."

Kwa Koko ni mwendo wa dakika arobaini kutoka barabarani, ukipanda kati ya mashamba. Njia yenyewe ni lava, inakata viatu. Mbili kati yetu walivaa kambambili na tuliwafunga miguu kwa vitambaa. Lakini kila mahali ambapo mawe yameoza kidogo, wamama wa kule wamepanda: maharagwe, migomba, viazi vitamu, mahindi. Na mimea ile ina afya kuliko yetu. Tulishangaa. Koko ndiye aliyetueleza baadaye kwamba jiwe la volkano likizeeka linakuwa udongo mzuri kuliko wote, ila inabidi uwe na subira kuliko jiwe.

Alikuwa shambani. Mwanamke mfupi, amefunga kitambaa kichwani, ameshika jembe la mpini mfupi. Alituangalia wote kumi na wawili. Hakumkumbatia mwanawe kwanza. Alimwendea msichana, akamshika mashavu, akamgeuza kushoto na kulia kama mtu anayechagua papai. Kisha akasema: "Huyu ndiye aliyekimbia bila kutembea." Hapo ndipo sisi sote tulianza kulia, na yeye akatukaripia kwamba tunakanyaga maharagwe.

Alitupikia fufu na maharagwe na viazi vitamu. Maji alikuwa nayo mapipa mawili ya mvua, na alituonyesha kijiti anachopimia, chenye alama. Kila alama ni wiki moja. Tuliona aibu kunywa.

Baada ya kula mwenzetu alianza kusema maneno yake. Alikuwa ameyapanga tangu Mpofi. Mama, umezeeka. Mama, unachota maji peke yako. Mama, mlima huu ulishatutoa mara moja, tena wewe uliuona hata wa 1977. Njoo kwetu, kuna maji, kuna msitu, kuna wajukuu.

Sisi tuliitika kila sentensi, kama tulivyopanga.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Mwaka huu mumekimbia mara ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Katibu wetu, ambaye ni mkweli kupita kiasi, alisema, "Mara mbili, Koko."

"Mimi katika miaka arobaini na zaidi nimekimbia mlima mara mbili," alisema Koko. "Watu wenye bunduki nimewakimbia mara nyingi, hapa hapa Kibati, sihesabu tena. 2008 shamba hili lilijaa wakimbizi. 2012 tulikimbia tena. Lakini mlima unatoa ishara. Unatetemesha ardhi, unanuka, wale wa rangi wanakuambia. Mtu mwenye bunduki anakuja usiku na hatoi ishara. Sasa unataka nitoke kwenye adui mmoja ninayemjua niende kwa yule wenu?"

Mwenzetu alisema Mpofi si kila siku vita. Koko akasema hata mlima si kila siku moto.

Wamama, hatukushinda. Tulikuwa kumi na mmoja na hatukushinda. Wengine kati yetu bado wanasema alikosea, kwamba mtu huwezi kulinganisha. Sisi tunaoandika tunadhani kila mmoja alikuwa anasema ukweli, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyepaswa kuulizwa kuchagua kati ya hayo mawili.

Alasiri alitupandisha juu zaidi, mpaka pale mashamba yanapokwisha na msitu wa hifadhi unapoanza. Haruhusiwi kupita, na hapiti. Anasema wanaoingia kukata makala wanamletea kesi. Lakini kutoka pale tuligeuka nyuma. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, Goma na Gisenyi zimeshikana bila mpaka kuonekana, na uwanja wa ndege kama kamba iliyolazwa. Na kati yetu na mji, ukanda mweusi unateremka, nyumba zimeanza kuujaza kutoka pande zote mbili. Koko alinyoosha jembe: ulipita pale, ukafika pale, cherehani iko pale. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeonyesha duka.

Mlangoni kwake, nyuma ya mlango, kunaning'inia mfuko. Tunataka kila mama asome sehemu hii, maana hata kwetu inafaa. Ndani kuna kadi yake ya uchaguzi na karatasi ya shamba, zimefungwa kwenye plastiki. Kuna kikwembe kimoja, kopo, sukari, chumvi, kiberiti, kamba. Kuna kitambaa alichoandika kwa uzi majina ya wanawe na wajukuu wote na namba za simu, kwa sababu 2002 watoto wengi walitengana na wazazi wao, na mtoto mdogo anajua kusema "mama" tu, hajui jina la mama. Alisema: mtoto wa miaka mitatu afundishwe jina lake, jina la baba yake na jina la kijiji, kama wimbo. Mfuko unafunguliwa kila Jumapili na kuangaliwa. Mambo ya kubeba kitu kizito yamekwisha, alisema. Cherehani ilimfundisha.

Tulirudi Ndosho usiku, tumechoka. Msichana hakusema neno njiani.

Jumapili baada ya ibada tulishuka ziwani, Kituku, ambako mitumbwi na maboti ya Idjwi na Minova yanaleta ndizi, manioki na mbuzi. Tulikula sambaza za kukaanga, moto, na pilipili. Samaki hawa wadogo hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Goma bila sambaza haiwezekani. Wavuvi wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, na taa, wanaimba. Tulikaa kwenye mawe mpaka jua likaungua. Hatukufanya kitu. Mmoja wetu alisema hajakaa bila kufanya kitu tangu aolewe, na alitaka kujua kama inaruhusiwa.

Hapo pia tulijifunza neno ambalo wamama wenye ndugu Goma wanapaswa kulijua: mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi. Inajikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Mbuzi akiingia anaanguka. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, anaanguka kabla ya mkubwa. Mama anayeinama kumchukua anaanguka juu yake. Mwenyeji wetu alituambia: ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, usiteremke, hata kama mtoto wako yuko ndani, ita watu, tafuta kamba. Alikuwa anatuambia jambo hilo huku anakula, kama sisi tunavyoambiana habari za nyoka.

Jioni hiyo msichana alisema. Hakutaka kurudi Mpofi. Alitaka kukaa na Koko, achote maji, alime, na siku tatu kwa wiki ashuke Goma kujifunza kushona. Aliacha sekondari mwaka wa tatu kwa kukosa minervali. Shule ya msingi imekuwa bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini yeye alikwisha kuipita, na bure hiyo haimfikii.

Mama yake alikasirika sana. Alisema alikuja kumtoa mtu mmoja kwenye moto, sasa anaombwa aongeze wa pili. Sisi tuligawanyika. Wanne walisema hapana, msichana wa miaka kumi na minane mjini peke yake, mnajua mambo ya mjini. Wengine walisema hayuko peke yake, na Mpofi kuna nini kwake zaidi ya kuolewa mwaka huu au ujao? Sauti zilipanda mpaka mwenye nyumba akafunga dirisha. Mwishowe tulipigia simu baba. Mtandao ulikatika mara tatu. Alipoelewa, alinyamaza muda mrefu, tukadhani umekatika tena. Kisha akauliza: "Sasa hivi nani anamchotea mzee maji?"

Mama yake hakusema ndiyo. Alienda kulala. Lakini asubuhi tulimkuta amekaa ukumbini na sindano, anashona majina kwenye pindo la kikwembe cha msichana: lake, la baba yake, la Mpofi, na namba ya simu ya katibu wetu, maana yake inakosa mtandao.

Kwenye sanduku zilikuwa zimebaki faranga ambazo tulikuwa tumeziweka kwa chakula cha njiani. Tulipiga kura palepale, mikono juu. Zilikwenda kwenye mwezi wa kwanza wa mafunzo ya kushona. Kuanzia Jumamosi hii sanduku la pembeni limefunguliwa tena, faranga 1,500, na mwenye kutaka kuingia aje nyumbani kwa mweka hazina na pesa mkononi, si ahadi.

Jumatatu tulirudi juu ya kamio iliyobeba chumvi na sabuni. Njia nzima tulikula sambaza kavu na fromaji, ile iliyoitwa sabuni. Tuliondoka kumi na wawili, tumerudi kumi na mmoja, na ndiyo maana mlipotuhesabu barabarani mliogopa. Koko alituma debe moja la maharagwe ya mbegu, ya kule kwenye mawe. Yamegawanywa vikombe vitatu vitatu kwa kila kikundi. Atakayeyala badala ya kuyapanda, asituambie.